Mizani inaandika "Imeunganishwa", mbona uzito hauji?

Maswali ya wasomaji kuhusu simu, kompyuta na vifaa vya kazi

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Korogwe, nimejifunza mwenyewe kutengeneza programu za simu kwa miaka mitatu sasa. Chama cha wafugaji cha hapa kwetu kimenipa kazi ya kituo cha kukusanyia maziwa: mfugaji anafika, karani anapima, uzito unatoka kwenye mizani na kuingia kwenye simu kwa Bluetooth, kisha mfugaji anapata ujumbe. Nyumbani inafanya kazi vizuri kabisa. Kituoni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi foleni ikiwa imeshika, ni vurugu tupu. Mara simu inaandika "Imeunganishwa" lakini namba haiji. Karani anabonyeza "Tafuta" tena na tena, na kadiri anavyobonyeza ndivyo inavyozidi kugoma; orodha inabaki tupu na hakuna kosa lolote linaloonekana. Siku nyingine inashika mizani ya chumba cha pili. Viongozi wameanza kusema turudi kwenye daftari. Ninunue mizani nyingine?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mizani iache kwanza, na viongozi waombe wiki mbili. Nimekulia kwenye nyumba iliyosomesha watoto watano kwa maziwa ya ng'ombe wawili, kwa hiyo barua yako nimeisoma kwanza nikiwa upande wa yule aliyesimama kwenye foleni na ndoo yake, ndipo nikaja upande wako.

Nianze na kitufe cha "Tafuta", maana hapo jibu ni fupi. Tangu Android 7, iliyotoka mwaka 2016, programu ikianza kutafuta vifaa zaidi ya mara tano ndani ya sekunde 30, simu huinyamazia. Haikatai wala haitoi kosa. Utafutaji unaonekana unaendelea, ila hakuna kinacholetwa. Wameweka hivyo ili betri isimalizwe na programu zinazotafuta bila kukoma. Sasa mfikirie karani wako: watu ishirini mbele yake, anabonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena. Akifika mara ya sita amekwisha kujifungia mlango, na skrini uliyomtengenezea haijamwambia. Kosa si lake. Akibonyeza mara moja, kitufe kigeuke kiandike "Inatafuta, zimebaki sekunde 12" na kisikubali kubonyezwa mpaka muda uishe. Na afadhali zaidi asitafute kabisa. Kutafuta ni kazi ya siku ya kwanza. Simu ikishaijua mizani, ihifadhi anwani yake, na kila asubuhi programu ikifunguliwa iende moja kwa moja kwa mizani hiyo hiyo.

Hilo la "Imeunganishwa" ndilo zito, na hapo nitakaa kidogo.

Nakisia mizani yako inatumia Bluetooth ya nishati ndogo, ile iliyoingia na toleo la 4.0 mwaka 2010. Kati ya simu kuishika mizani na uzito kuonekana kuna hatua. Kwanza redio mbili zinashikana. Pili, simu inaiuliza mizani ina huduma gani. Tatu, simu inaandika kwenye mizani ombi la kuletewa taarifa kila uzito unapobadilika. Ukifungua msimbo wako, yaani maandishi uliyoitengenezea programu, utaikuta namba 2902, ndiyo hapo. Nne, uzito wa kwanza unafika. Android inaiambia programu yako "imeunganishwa" baada ya hatua ya kwanza tu, nawe umelichukua neno hilo na kulibandika kwenye skrini kama lilivyo. Karani akilisoma anaelewa "weka maziwa". Anaweka, na hatua tatu bado hazijafanyika. Moja ikikwama, atasubiri mbele ya neno ambalo kwa redio ni kweli, kwa kazi yake si kweli.

Na huenda inakwama kweli. Android hushughulikia ombi moja kwa wakati kwa kila kifaa. Ukituma la pili kabla la kwanza halijajibiwa, la pili linatupwa. Nyumbani unabonyeza taratibu, unasubiri, kila kitu kinapangika chenyewe. Kituoni karani hana muda huo. Panga maombi yako kwenye foleni, moja lijibiwe ndipo lifuate lingine, kama wafugaji wenyewe walivyojipanga. (Kama mizani yako ni ya Bluetooth ya zamani, yenye kile kipande cha redio kiitwacho HC-05, hatua ya pili na ya tatu hazipo. Mengine ninayosema hapa hayabadiliki.)

Kwa hiyo kiolesura chako, yaani ile sehemu anayoiona na kuigusa karani, kisiwe na hali mbili tu, imeunganishwa na haijaunganishwa. Mimi kwenye kazi kama hii huandika hivi: "Bluetooth ya simu imezimwa". "Ninaifuata mizani namba 2". "Nimeipata, ngoja kidogo". "Tayari, weka maziwa". "Mizani haisikiki". Neno "Tayari" lisitokee mpaka namba ya kwanza iwe imefika kweli kutoka kwenye mizani, hata kama ni sifuri. Sifuri iliyotoka kwenye mizani ni habari. Sifuri uliyoiweka wewe ili skrini isionekane tupu ni uongo. Hapo weka vistari.

Nikueleze yaliyonikuta, kwa sababu nisingependa yakukute. Programu yangu ya kwanza ya mizani niliipeleka kwenye kituo kimoja cha maziwa nikiwa na uhakika nayo. Asubuhi ya tatu mama mmoja alileta ndoo yake. Mizani yenyewe, kwenye kioo chake chekundu, ilisoma 18.40. Simu ya karani iliandika 8.40. Karani alikuwa anaangalia simu, si mizani, maana ndivyo nilivyomfundisha. Yule mama hakupiga kelele. Aliangalia ndoo, akaangalia kioo, akaangalia simu, akasema, "Mimi naona kumi na nane." Karani akamwambia simu ndiyo inayopeleka hesabu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na mikono iliniishia nguvu.

Mizani nyingi za biashara hutuma mstari wa maandishi, kitu kama ST,GS,+0018.40kg, mara kadhaa kwa sekunde. Bluetooth ya nishati ndogo, usipoomba zaidi, hubeba baiti 20 tu za ujumbe, yaani kama herufi 20, kwa mkupuo, na mizani ile iliongeza herufi zake nyingine mwanzoni. Mstari ukakatika vipande viwili: kipande cha kwanza kikaishia kwenye 001, cha pili kikaanza na 8.40kg. Msimbo wangu ulichukua namba ya mwisho iliyofika na kuitangaza. Nyumbani nilikuwa nimejaribu kwa mfuko wa sukari wa kilo mbili na kwa tofali dogo, vitu ambavyo havifiki kilo kumi, kwa hiyo kilichokatwa kila mara kilikuwa masifuri. Kilo kumi za maziwa ni karibu lita 9.7, na mtu alizikamua usiku.

Tangu siku hiyo nina mambo ambayo siyaachi. Vipande vikusanywe mpaka alama ya mwisho wa mstari ifike, ndipo usome. Mstari usioanza na kuisha inavyotakiwa utupwe wote; usiokoteze namba ndani yake. Zile herufi mbili za mwanzo usizipuuze pia: ST maana yake uzito umetulia, US maana yake bado unayumba. Maziwa yanayocheza ndani ya ndoo hupandisha na kushusha namba, na karani mwenye haraka hubonyeza "Hifadhi" katikati ya mtikisiko. Uzito ukiyumba, namba ionekane ya kijivu na kitufe kifungwe. Ukitulia, namba iwe nyeusi, kubwa, isomeke na mfugaji aliye upande wa pili wa meza. Simu isimame kwenye kishikizo imwelekee na yeye. Mfugaji ndiye mkaguzi bora utakayempata, na hatakudai mshahara. Kama chama kinalipa kwa lita, mwonyeshe kilo na lita zote mbili. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03, na mtu aliyeona 18.40 kwenye mizani akipata ujumbe wa 17.9 bila maelezo atajua ameibiwa.

Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi ya hiyo. Mizani ikizimika au mtu akipita na kukata mawimbi, simu haijui papo hapo. Kwa kanuni za Bluetooth, muda wa kusubiri kabla ya kukiri kwamba kifaa kimepotea unaweza kufika sekunde 32. Muda wote huo skrini inaweza kubaki na namba ya mwisho, ambayo ni ya mfugaji aliyekwisha kuondoka, na anayefuata akaandikiwa maziwa ya mwenzake. Usingoje simu ikuambie. Mizani inatuma mara kadhaa kwa sekunde, basi sekunde mbili zikipita kimya, ifute namba, iandike "Mizani haisikiki". Na baada ya kila kuhifadhi, programu idai kuona sifuri, yaani ndoo imeondolewa, kabla ya kukubali uzito wa mtu mwingine.

Unauliza kwa nini nyumbani haigomi. Nenda kituoni uangalie kilichopo kati ya simu na mizani. Bluetooth hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na maji huyanyonya mawimbi hayo vizuri sana. Maziwa ni maji kwa kama asilimia 87. Mwili wa binadamu nao ni maji kwa sehemu kubwa. Yale makeni ya maziwa, ya alumini na ya chuma, mliyoyapanga ukutani hayapitishi kabisa. Yanarudisha mawimbi yalikotoka. Nyumbani kwako palikuwa na meza na hewa. Hapo kituoni kuna makeni kumi, watu ishirini wamesongamana, na karani ameitia simu mfuko wa nyuma akipokea ndoo. Kishikizo cha mezani, mita moja kutoka kwenye mizani, bila keni katikati, kitakusaidia kuliko mizani mpya. Seremala wa hapo hapo Korogwe atakitengeneza kwa siku moja.

Halafu mizani ya chumba cha pili. Nina hakika orodha yako inapanga vifaa kwa nguvu ya mawimbi, chenye nguvu juu. Inaonekana ni busara, lakini nguvu hiyo hupanda na kushuka kila mtu anapopita, na orodha inaruka. Mtazame karani: kidole kimeshuka kuelekea mizani yake, orodha inabadilika njiani, kidole kinagusa nyingine. Hata hajui. Na zote mbili zinajiita jina lile lile la kiwandani. Orodha ikishapangwa itulie. Kipya kiongezwe chini. Kila mizani ibandikwe namba kubwa ya rangi, 1 na 2, na siku ya kwanza programu imtake karani achague namba hiyo, kisha imwombe abonyeze sahani ya mizani kwa mkono. Namba ikipanda kwenye simu, ndiyo hiyo. Mkono wake mwenyewe umethibitisha, na hapo hakuna jina la kiwandani linaloweza kumchanganya.

Daftari lisiondoke. Waambie viongozi hivyo, watakuamini zaidi. Umeme ukikatika, mizani ikifa, karani aandike kwa mkono na programu ipokee, ila ipige alama kwamba uzito huu umeandikwa kwa mkono na saa ngapi. Usimfanye karani achague kati ya kudanganya na kuwarudisha watu nyumbani na maziwa yao.

Usijaribu tena kwa tofali. Nunua ndoo ya lita ishirini, ijaze maji, na ukajaribu kituoni saa kumi na mbili na nusu.

SWALI: Salamu kutoka Mombasa. Mimi ni mzee wa miaka 68, nina sukari. Mwanangu ameniletea kipima sukari kinachopeleka majibu kwenye simu. Nikifungua programu yake inaniambia nikubali ijue mahali nilipo, nikikataa haikioni kipimo. Kipimo kiko mkononi mwangu, sebuleni kwangu. Wanataka kujua nilipo ili iwe nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole kwa maradhi. Swali lako ni la haki na ulikuwa sahihi kusita.

Mara nyingi programu haina haja ya kujua ulipo. Kinachotokea ni hiki. Madukani na kwenye viwanja vya ndege watu huweka vifaa vidogo vinavyotangaza namba yake kwa Bluetooth siku nzima. Simu ikiisikia namba ya kifaa kilichojulikana kiko duka fulani, mtu anaweza kujua mwenye simu yuko dukani hapo. Kwa hiyo kuanzia Android 6, mwaka 2015, programu inayotaka kutafuta vifaa vya Bluetooth ililazimika kuomba ruhusa ya mahali. Nia ilikuwa kumlinda mwenye simu. Kwa bahati mbaya, mtu anayetafuta kipimo chake mwenyewe akaulizwa swali lisilomhusu, tena bila maelezo. Mwaka 2021, Android 12 ilitenganisha mambo hayo: sasa kuna ruhusa ya "Vifaa vilivyo karibu", na mtengenezaji anaweza kutangaza kwamba hatatumia Bluetooth kujua mtu alipo.

Fungua Mipangilio, halafu Kuhusu simu, utazame toleo la Android. Likiwa chini ya 12, ruhusa hiyo haikwepeki, na mahali kwenye simu pawe pamewashwa wakati wa kutafuta. Simu ikikupa nafasi ya kuchagua, chagua "Wakati unatumia programu", usichague wakati wote. Likiwa 12 au zaidi na bado inaomba mahali, basi ama mtengenezaji hajaisasisha programu yake, ama anataka kweli kujua ulipo. Hapo mwanao asome maelezo ya faragha ya programu hiyo kabla hujakubali. Majibu ya sukari hayapotei: kipimo kinayaonyesha kwenye kioo chake, na ukiyaandika kwenye daftari na tarehe na saa, daktari atayasoma vilevile.

Na wewe kijana wa Korogwe, hili likufikie pia. Kabla simu haijatoa kile kidirisha chake, weka ukurasa mmoja wa maneno yako: "Simu itakuuliza kuhusu mahali ulipo. Tunahitaji ruhusa hii ili kuiona mizani tu. Hatuhifadhi ulipo." Uandike hivyo ikiwa ni kweli.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Unguja, natafsiri programu kwa Kiswahili. Kwenye Bluetooth simu inaandika "Oanisha kifaa kipya" na pengine "Unganisha". Wenzangu wanasema ni neno moja. Je, nitumie lipi?

JIBU: Si neno moja, na vizuri umeuliza kabla hujatafsiri. Kuoanisha hufanyika mara moja: vifaa viwili vinabadilishana funguo za siri ili siku nyingine vitambuane, na ndipo pengine unaombwa kuandika tarakimu sita. Kuunganisha ni kila siku, kila vifaa hivyo vinapokutana tena. Kifaa kinaweza kuwa kimeoanishwa mwaka mzima na leo hakijaunganishwa. Ukitumia neno moja kwa yote mawili, mtu ambaye mizani yake imezimwa ataambiwa imeunganishwa, nasi tunarudi kwenye vurugu za Korogwe.

"Oanisha" nalipenda kama neno. Limetoka kwenye kuoana, kupatana, na mtu aliyesoma analielewa. Kwa makarani niliofanya nao kazi lilikuwa geni, na mmoja alilisoma "onyesha", akakaa akisubiri kuonyeshwa kitu. Nikaweka "Tambulisha", nikiwaza mgeni anavyotambulishwa nyumbani mara moja, kisha siku nyingine anapiga hodi tu na kukaribishwa. Nikampelekea karani mwingine, mama wa makamo aliyepima maziwa maisha yake yote, nikampa simu bila kumwambia lolote. Akakitazama kitufe, akaniuliza, "Nimtambulishe nani, kwa nani?"

Sasa kitufe kinasema "Tambulisha mizani hii kwa simu". Ni kirefu, kinachukua mistari miwili, na nimepunguza ukubwa wa picha iliyokuwa juu yake ili kipate nafasi.